Matundu Yote Sehemu Moja

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, saa za ibada ambayo sikwenda

Dada yangu mpendwa Matilda,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku umekunja uso kwa hayo niliyoandika hapo juu. Kunja tu. Spika za kanisa la mtaani kwetu nazisikia nikiwa kitandani, kwaya na matangazo na sadaka, kwa hiyo mbele za Mungu nahesabiwa nimehudhuria. Sadaka tu ndiyo haikunifikia.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele, na shemeji Heriel bado anabishana na redio kama kawaida yake. Vipi ng'ombe, amezaa? Vipi ile migomba ya chini iliyopigwa na upepo? Mimi mdogo wako sijambo, ila jino moja la mbele limeniaga. Sasa nikicheka watu wanacheka kabla sijamaliza.

Utajiuliza kwa nini naandika barua zama hizi kama mchumba wa mwaka sabini. Dada, simu yako inashikwa na wajukuu kuliko unavyoishika wewe. Nikikutumia neno, ukoo mzima unalisoma kabla hujavaa miwani. Na huku kwetu tuna vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia, nikipiga simu hata panya wa jirani anajua habari za huko kwenu Machame. Haya ninayoandika hayafai kusikiwa na mwanangu Severa. Barua nitampa Evelyn wa duka la vyombo, anakuja huko kwenye msiba, nimemwambia aifiche ndani ya sufuria. Ukiona karatasi inanuka gundi ujue ni mikono yangu, usimshuku Evelyn.

Ulituma pongezi kwamba Severa kapanda cheo, na ukauliza kwa nini hapokei simu yako. Mimi nilimzaa tu, dada. Mama yake alipofariki ni wewe uliyemlea, ukamfundisha kusuka, kusali na kunidharau. Kwa hiyo una haki ya kujua. Lakini soma taratibu, na usianze kulia kabla sijafika panapoliza.

Ule mkasa wa mwaka jana uliusikia, lakini nahofia uliusikia kwa mdomo wa Ravindra. Huyu Ravindra ndiye mwenye duka la vitenge vya jumla, na kwenye kibaraza chake ndipo ninaposhonea viatu vya mitumba. Vinatoka soko la Mchikichini vimeachama midomo kama wanakwaya wako, mimi navifunga. Basi kwa hadithi ya Ravindra, siku ile majambazi walikuwa wawili. Ilipofika Pasaka walikuwa wanne. Sasa hivi wana gari.

Mimi nilikuwepo, nikusimulie ilivyokuwa. Jioni, maduka yanafungwa, vijana wawili walikuja na pikipiki. Mmoja akashuka akamwekea Ravindra bastola shingoni. Severa alikuwa doria na askari mwenzake ng'ambo ya barabara, na bunduki yake. Akapiga moja. Kijana akaanguka, mwenzake akatokomea na pikipiki. Aliyeanguka alifia hospitali. Wakubwa wakachunguza, wakaona Severa alifanya kama alivyofundishwa, ameokoa uhai wa mtu. Na kweli aliuokoa, Ravindra yupo hai, nimemwacha jana anagombana na mteja. Ila raba moja ya yule kijana ilibaki kibarazani kwangu, na hakuna aliyetaka kuigusa. Mwisho Jaya, mke wa Ravindra, alitoka ndani akaifunika kwa kipande cha kitenge, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Toka siku hiyo mimi siitwi Anaeli. Naitwa Baba Shabaha. Machinga wa mtaa mzima wananiita hivyo, muuza kahawa hataki hela yangu, na Ravindra kaninunulia kiti chenye mgongo na kutangaza kwamba kibaraza ni changu mpaka nife. Sikufichi, dada, mwanzo nilifurahi. Mimi mtu wa darasa la nne, lini nilipewa kiti? Nilikikalia kama chifu. Sikujua kwamba nimekalia mgongo wa mwanangu.

Maana nyumbani hakukuwa na Shabaha. Kulikuwa na Severa. Jioni mageti ya chuma ya maduka yanaposhushwa, pa, pa, pa, mtaa mzima, yeye husimama katikati ya chumba hapumui mpaka geti la mwisho lishuke. Nikimpa kikombe cha chai anakishika kwa vidole vitatu, kile cha shahada kimenyooka pembeni, hakigusi kikombe. Nilimtania kwamba amekuwa malkia. Akaniambia ndivyo wanavyofundishwa, kidole hakikai kwenye kifyatulio mpaka umekwisha kuamua. Nikamwambia, mwanangu, hiki ni kikombe. Akakitazama, akajaribu kukunja kile kidole, kikagoma.

Alikwenda kwa mkubwa wake kuomba awekwe mezani, aandike malalamiko ya walioibiwa simu na kuku. Mkubwa akamjibu kwa upole, tena ule upole unaokera, kwamba watu wa kuandika amejaaliwa tele, ila wa kupiga pale wanapolenga hawazidi vidole vya mkono mmoja. Akampa mapumziko. Alipomaliza kupumzika alikabidhiwa bunduki ileile na mtaa uleule. Akaandika barua ya kuacha kazi. Ikarudishwa, akaambiwa asiamue jambo kubwa akiwa na huzuni. Ungemwona alivyokuwa siku ile, dada. Laiti wangemfokea angejua pa kupita. Walimsifu. Mtu unatokaje kwenye sifa? Kila mlango aliousukuma alikuta nyuma yake kuna mtu anapiga makofi.

Na huko nje ndiyo hivyo hivyo. Akipita na sare, wenye maduka wanampa soda, akina mama wanamwonyesha kwa binti zao. Mlevi mmoja alipiga magoti mbele yake akaomba asimpige, watu wakacheka. Severa hakucheka. Alirudi akapitia nyuma ya pazia, akalala na viatu.

Sasa kwao kuna utaratibu. Askari wanaobeba silaha hupelekwa nje ya mji, kwenye uwanja wa shabaha, wakapimwe. Wanalala kifudifudi, mbele yao imesimamishwa karatasi yenye picha ya mtu, wanapiga, matundu yanahesabiwa. Asiyefikisha alama haruhusiwi kubeba bunduki, anatafutiwa kazi nyingine. Muda wa kupimwa ulipokaribia, Severa aliniuliza, kama anauliza bei ya nyanya, itakuwaje akikosa.

Nilicheka mpaka gundi ikanimwagikia. Nikamuuliza kama mtu anayejua baiskeli anaweza kujisahaulisha. Yeye hakucheka. Akasema yeye hawezi kudanganya kwa mdomo, lakini labda mkono utaweza, na mimi nilikuwa askari, nimfundishe. Nikaona anavyonitazama, dada, nikaacha kucheka.

Unajua kwamba kwenye vita vya Kagera nilibeba bunduki, sikubeba sufuria kama Heriel anavyowaambia watu kilabuni. Kupiga nilikujua. Basi tukaanza shule. Nilichukua mpini wa ufagio, nikaufungia kibanio cha nguo kuwa kifyatulio, na mbele kabisa nikaweka sarafu. Ndivyo tulivyofundishwa sisi. Unafinya, huvuti, na sarafu isianguke. Severa alilala sakafuni, akafinya. Sarafu haikutikisika hata kidogo, ungedhani imeota pale. Nikamwambia hiyo ndiyo shida yako, mkono wako hauna kigugumizi. Mpangaji mwenzetu Candida alichungulia, akaona askari amelala chini kakumbatia ufagio na mzee kapiga magoti pembeni. Akauliza kama tunapunga pepo. Nikamjibu ndiyo, ila huyu pepo ana cheti.

Tulijaribu kila kitu. Nilimwambia ashtue mkono, akashtua, ikaonekana kabisa anaigiza. Nilimwambia afumbe macho, akasema mkufunzi hutembea kando ya mistari anawaangalia usoni. Mwisho nikajifanya mwerevu. Nikamwambia ashike vizuri kama siku zote, apumue vizuri, afinye vizuri, ili anayemtazama asione kosa. Ila asimtazame mtu wa kwenye karatasi. Achague sehemu nje ya yule mtu, juu ya bega la kushoto, mahali ambapo hakuna roho, azipeleke risasi zote pale. Severa akarudia neno langu kama mtoto wa katekisimu: zote pale. Nikasema, haswa.

Siku ya kupimwa alirudi mwepesi. Alipika mwenyewe, akaimba ule wimbo wako wa mavuno, akanitania kuhusu jino. Nilipompa chai, kidole kilijikunja kidogo. Nikasema moyoni, Anaeli, miaka yote hii hukuwa na akili, kumbe ulikuwa unaziweka akiba.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Alipiga pasi sare yake kama anakwenda kufunga ndoa, akijua anakwenda kupewa kalamu na meza. Akapewa cheo, koplo. Na akaambiwa kuanzia sasa ni mkufunzi msaidizi wa shabaha, atakuwa huko uwanjani akiwafundisha askari wengine kulenga. Mkubwa akamshika mkono akamsifu kwa jinsi alivyotii amri ya mkufunzi wake, Sajini Theophil, aliyemwamuru apige pembeni kwa makusudi ili kumpima kama anaweza kufundisha.

Dada, hapakuwa na amri yoyote. Severa alisimama pale kama mlingoti. Akisema Theophil ni mwongo, lazima aeleze mwenyewe alikuwa anafanya nini juu ya bega la kushoto. Akasema ahsante afande, akapiga saluti, akatoka.

Theophil akamwonyesha ile karatasi. Matundu yote yalikuwa sehemu moja, kikombe cha kahawa kingeyafunika. Na ujinga wangu ulikuwa pale pale kwenye karatasi. Asiyejua kupiga hutawanya, kama unavyowamwagia kuku mtama. Mwanangu alikuwa amekosa vizuri mno. Hakuna mtu duniani anayekosa vile isipokuwa fundi, na hakuna anayefundisha kukosa vile isipokuwa fundi mwenzake anayejiona mjanja. Nilimfundisha kukosa, nikasahau kumfundisha kukosa ovyo.

Alipofika nyumbani hakuvua kofia. Mtaani walishapata habari, Ravindra alileta ladu, vitamu vya kwao, sinia zima, muuza kahawa akagonga vikombe vyake mpaka watu wakadhani ni harusi. Walipoondoka, Severa akakaa kitandani, akaniambia, baba, umenitoa kwenye bunduki moja, nimekabidhiwa mia. Akasema zamani alikuwa na wasiwasi wa kidole kimoja, sasa kila askari atakayemfundisha atakwenda mtaani na kidole chake yeye. Halafu akasema, polepole, kwamba huyo Theophil aliyewaza jambo hili, Mungu amsamehe, yeye hawezi. Mimi nilikuwa natafuna ladu.

Hapa, dada, vua miwani uifute, kisha uivae tena.

Hakuwaza Theophil. Niliwaza mimi.

Kabla Severa hajaitwa ofisini, Theophil alikuja kibarazani kwangu, kavaa shati la kawaida, akajifanya anatafuta viatu. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akakunjua karatasi mapajani, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona askari aliyefeli, masikini, wampe meza. Akacheka kwa pua. Akasema anajua mimi ni nani, kila mtu Kariakoo anajua, na amekuja kwa sababu hataki kumwangamiza mtoto wa mtu bila kuonana na mzee wake. Akasema karatasi lazima ifike kwa mkubwa na maoni yake. Akiandika kwamba Severa amefeli, mkubwa ana macho, atauliza. Akiandika ukweli, kwamba askari amejifanya hawezi ili akwepe lindo, ni mashtaka. Anaweza kuwekwa ndani, anaweza kufukuzwa kwa aibu, na aibu ya hivyo inakufuata mpaka kwenye kazi ya kufagia.

Nilimuuliza hakuna mlango mwingine. Akasema hauoni. Alikuwa anasema kweli, ni mtu mwema, amechoka, macho yake yenyewe yanaanza ukungu, anasoma karatasi kwa kuisogeza mbali. Nilipoona hivyo, mdomo wangu huu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia, afande, andika kwamba ulimwamuru. Andika ulitaka kuona kama anaweza kuzipanga popote unapomwambia, kwa sababu unatafuta msaidizi. Nikaongeza na utani, nikasema mikono kama ile kuiacha mtaani ni sawa na kuchunga mbuzi kwa ndege ya serikali. Theophil akacheka sana. Kisha akakunja karatasi.

Niliwaza huko uwanjani anayepigwa ni mtu wa karatasi, hana mama, hana raba ya kuacha kibarazani. Nilidhani namtafutia mwanangu mahali ambapo risasi haimdhuru mtu. Na sitakuficha lililobaki, maana wewe utalinusa tu. Niliwaza pia kiti changu. Kidogo. Katikati ya maneno yangu kwa Theophil nilihisi mgongo wa kiti nyuma yangu, nikajua Baba Koplo atakikalia zaidi ya baba wa mwandika malalamiko ya kuku. Sijui ni kipi kilichosukuma mdomo, mtoto au kiti. Nimejiuliza sana. Kila mara najibu mtoto, na kila mara najibu haraka mno.

Sasa siwezi kumwambia. Nikimwambia, atamwendea mkubwa akaseme kweli yote, namjua, umemlea wewe. Theophil ataangamia kwa kuandika uongo, yeye ataangamia kwa kukosa, na mimi nitabaki na kiti. Nisipomwambia, anamchukia mtu aliyemwokoa na anamtengea ugali mtu aliyemfunga. Kila siku anamfundisha mtu mpya kutotikisa sarafu. Ile mbinu ya ufagio na kibanio ameipeleka uwanjani, wanaisifu, wanauliza kaitoa wapi.

Simu yako hapokei kwa sababu anajua utampongeza. Usimpongeze. Muulize amekula nini.

Nikueleze la leo asubuhi, ndipo nikuache. Siku hizi huleta nyumbani zile karatasi zilizotobolewa, maana hazitupwi, zinazibwa zitumike tena. Mimi nina gundi ya viatu, kwa hiyo kazi imekuwa yangu. Tunakaa mkekani, yeye anakata vipande vya karatasi, mimi nabandika, mtu mmoja baada ya mwingine, kifua, tumbo, kichwa. Na akiwa anakata, huyasoma matundu. Anasema huyu alivuta badala ya kufinya. Huyu alizuia pumzi mno. Huyu alimwogopa aliyelala pembeni yake. Hata wale ambao hakuwaona wakipiga, anaona matundu tu, na anapatia. Nikamwambia kwa utani kwamba sasa amekuwa mganga, anasoma mioyo kwenye karatasi.

Akasema kuna kitu kimoja hakielewi. Theophil ni mtu asiyejua kutunga, hata ruhusa ya ugonjwa huomba kwa kigugumizi, aliwezaje kubuni uongo mzuri vile, tena wenye utani ndani? Maana mkubwa amekuwa akirudia maneno ya Theophil kila mahali na kucheka, ati kuchunga mbuzi kwa ndege ya serikali.

Kisha akaacha kukata. Akainua macho, akanitazama vile anavyozitazama karatasi, taratibu, kuanzia juu. Mimi nikainama kuitafuta gundi, na gundi ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa yuko nyuma ya pazia, namsikia mkasi.

Msalimie shemeji, mwambie redio haimsikii. Wasalimie wajukuu wasioweza kuifikia barua hii, na mchungaji, ukiona inafaa. Jibu lako mpe Evelyn mkononi, na uliandike kwa herufi kubwa, maana na mimi macho si yale. Unikemee utakavyo, ila chini kabisa uniandikie nimwambie nini, kabla hajaniuliza.

Ni mimi mdogo wako, mtundu uliyemchapa sana na bado haikutosha,

Anaeli